Muulize Mwalimu: Waridi lako halikufa kwa kiu

Katika toleo lililopita niliandika mistari michache kuhusu barabara ya kushuka kutoka Nakuru hadi Marigat: jinsi mashamba ya mkonge ya Mogotio yanavyopisha migunga, na migunga nayo ikapisha vichaka vya miiba na ardhi iliyo wazi. Barua zikamiminika. Nilifundisha biolojia huko chini kwa miaka mingi kabla ya kuhamia Lanet, na viumbe wa nchi kavu ndio nilioanza kuwapenda nikiwa kijana. Kwa hiyo nafasi yote ya mwezi huu nimewaachia.

*Hujambo Mwalimu. Nilinunua waridi la jangwani kando ya barabara huko Marigat, lile lenye shina nene na maua ya rangi ya waridi. Nalimwagilia kila asubuhi na nimeliweka barazani lisichomwe na jua. Sasa majani yote yamedondoka na shina limeanza kuwa laini kwa chini. Je, nimwagilie mara mbili kwa siku? Mpenda maua, Kiamunyi, Nakuru.*

Sijambo, mama. Tafadhali usilitie maji tena, hata kikombe kimoja. Mmea wako hauna kiu. Unaoza.

Shina hilo nene ulilolipendea ndilo ghala lake. Huko Baringo na Turkana mvua ikinyesha, waridi la jangwani hunywa upesi upesi, shina likajaa, kisha likaishi kwa akiba hiyo miezi mingi. Kiangazi kikizidi, hupukutisha majani lenyewe, kwa sababu jani ndiko maji yanakopotelea. Na likiwa tupu hivyo, bila jani hata moja, ndipo mara nyingi linapochanua. Sisi wa nchi ya mvua tukiona mmea umepukutika tunakimbilia bomba. Huo haukuita mtu. Ulikuwa umelala.

Tena kumbuka umeutoa wapi. Marigat iko mita elfu moja na kidogo tu juu ya bahari. Hapa Nakuru tumepita mita 1,800, na usiku wa Julai unaujua mwenyewe. Mizizi iliyolala katika udongo baridi hainywi maji. Inakaa ndani yake mpaka kuvu inaingia.

Ung'oe leo. Kung'uta udongo wote, kisha bonyeza shina kwa kidole gumba kuanzia chini. Palipo laini pakate kwa kisu kilichofutwa kwa spiriti, na uendelee kukata mpaka ufike kwenye nyama nyeupe, ngumu, isiyo na doa la kahawia hata moja. Usihurumie, ukiacha doa dogo, uozo utarudi. Vaa glavu na usijiguse macho, kwa maana utomvu wake una sumu inayoshambulia moyo. Wawindaji wa sehemu nyingi za Afrika wameupaka kwenye mishale yao. Watoto wasisogee. Kidonda kipake unga wa makaa, kisha laza mmea kivulini penye hewa mpaka kikauke kabisa. Wiki moja, wakati mwingine mbili. Hautakufa, ndiyo kazi uliyoumbiwa.

Halafu uupande katika chungu chenye matundu chini, sehemu mbili za changarawe au mchanga wa mtoni kwa sehemu moja ya mboji. Kokoto nyepesi za volkano tulizo nazo tele hapa Bonde la Ufa zinafaa sana. Usiumwagilie juma la kwanza. Uondoe barazani uuweke juani, jua kamili, mchana kutwa. Baada ya hapo maji ni pale tu udongo unapokuwa umekauka mpaka chini, na kuanzia Juni hadi Agosti ni nadra sana. Ikiwa ulaini umeshapanda shina zima, basi umekwisha, na nakupa pole.

Nina ombi, mama, na nalitoa kwa wasomaji wote. Mingi ya mimea mikubwa inayouzwa kando ya barabara imechimbwa porini. Shina nene kama hilo limechukua miaka na miaka kufika hapo, na aliyelichimba ameacha shimo, hakuacha mche. Utalitambua kwa mizizi iliyokatwakatwa na makovu ya jembe. Nunua mdogo uliooteshwa kwa mbegu kitaluni. Utachelewa kuona maua, lakini utakuwa na mmea wenye mizizi yake yote, na kilima cha watu kitabaki na chake.

*Mwalimu, tumebishana darasani. Je, nundu ya ngamia ina maji? Mwanafunzi wa gredi ya saba, Nyalenda, Kisumu.*

Haina, mwanangu. Ni mafuta, chakula cha siku za njaa. Tena yamekusanywa mahali pamoja ili yasimfunike mwili mzima na kumzuia kutoa joto. Maji ya ngamia yako mwilini mwake kama yako na yangu, ila yeye anaweza kupoteza robo ya uzito wake na bado akatembea, kisha akifika kisimani akanywa lita 100 kwa muda wa dakika kumi hivi. Chembe zake nyekundu za damu zina umbo la yai, na hustahimili kuvimba kwa ghafla bila kupasuka. Na hili uwaambie wenzako: miaka ya 1950 mwanasayansi Knut Schmidt-Nielsen alikuwa Sahara, upande wa Algeria, akamnyoa ngamia manyoya. Ngamia aliyenyolewa alitoa jasho takriban nusu zaidi ya mwenzake. Manyoya yale mazito humkinga na jua.

*Tulileta wanafunzi Mbuga ya Ziwa Nakuru. Upande wa mashariki kuna msitu wa miti mirefu ya kijani isiyo na majani, yenye miiba. Dereva alisema ni kaktasi. Mwenzangu akasema ni jamaa ya ojuok, ule tunaoufanyia ua kwetu. Nani amesema kweli? Mwalimu mwenzako, Ahero.*

Mwenzako amesema kweli, na mpe salamu zangu. Miti ile ni yuforbia, ukoo mmoja na ojuok, ambao Waswahili wa pwani huuita mnyaa. Kaktasi ni watu wa Marekani ya Kaskazini na ya Kusini. Katika ukoo wao wote ni mmoja tu unaoota Afrika kwa asili, naye huning'inia kwenye miti ya msituni wala hafanani kabisa na hao unaowafikiria. Kaktasi nyingine yoyote unayoiona Kenya ililetwa na mtu.

Ukitaka kutambua, tazama miiba. Ya kaktasi hutoka kwa mafungu, kila fungu katika kinundu kidogo chenye manyoya. Ya yuforbia hii hukaa miwili miwili kwenye ukingo wa tawi. Na yuforbia ikijeruhiwa hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Usiijeruhi ili kuhakikisha! Utomvu huo ukiingia jichoni unaweza kulidhuru vibaya. Ikitokea kwa mtoto, osha jicho kwa maji safi mengi, kwa muda mrefu, na uelekee hospitali moja kwa moja.

Sasa, wamefananaje hivyo bila undugu? Kila mmoja alikutana na tatizo lile lile kwake. Majani yanapoteza maji, basi yakaachwa, na shina likageuka kijani lifanye kazi ya majani. Shina likajikunja mikunjo ili liweze kutanuka mvua ikija na kunywea ikiondoka. Jambo kubwa zaidi halionekani kwa macho: mimea ya aina hizi hufungua vitundu vyake vya kupumulia usiku, wakati hewa ni baridi na maji hayatoki ovyo. Inavuta hewa ya kaboni, inaiweka akiba katika hali ya asidi, alfajiri inafunga, na mchana inaendelea na kazi kwa nguvu ya jua huku milango yote imefungwa.

Utauliza kwa nini miti ya namna hiyo iko Nakuru, mahali penye mvua. Tazama iliposimama: mteremko wa mawe. Mvua inanyesha, lakini haikai. Kwa mzizi, mwamba usioshika maji hauna tofauti kubwa na Turkana.

*Mwalimu, nilikuwa kazini Isiolo. Saa saba mchana nilimwona choroa amesimama juani, mahali pasipo mto wala dimbwi. Wenyeji wakaniambia hukaa siku nyingi bila kunywa. Anaishije? Muuguzi, Kondele, Kisumu.*

Wewe muuguzi utalielewa jibu hili kuliko wasomaji wengi, kwa hiyo nitalieleza kwa kirefu.

Mgonjwa wako akifika nyuzi 41 unaanza kukimbia huku na huko. Mwili wetu hukubali kumwaga maji yote ya jasho mradi usipite nyuzi 37 na kidogo. Choroa amechagua njia nyingine. Akiwa na uhaba wa maji hatoi jasho. Anauacha mwili upande joto pamoja na mchana. Katika miaka ya 1960 mtafiti Richard Taylor alifanya kazi Muguga, hapo karibu na Nairobi, akawaweka wanyama hawa katika chumba chenye joto la jangwa na kuwapima. Choroa alifika nyuzi 45 akakaa hivyo kwa saa kadhaa bila kudhurika. Jua likitua, joto lote lile linatoka lenyewe kwenda kwenye hewa baridi, na hakuna hata tone la maji lililotumika.

Lakini ubongo? Ubongo hauvumilii nyuzi hizo. Hapo ndipo pua inapofanya kazi. Damu inayorudi kutoka puani imepozwa na pumzi. Kabla ya kurudi moyoni inapita penye wavu wa mishipa myembamba chini ya ubongo, na damu ya moto inayopanda kichwani inapita katikati ya wavu huo ikiacha joto lake. Mwili unaungua, kichwa kimepoa. Digidigi, ambao utawaona wawili wawili vichakani ukienda Ziwa Bogoria, nao hupoza damu yao kwa pua hiyo ndefu.

Bado tunadaiwa maji ya kunywa, na hapa kuna jambo ambalo nimelifundisha kila mwaka bila kulichoka. Kuna kichaka wanachokila choroa na swala granti, kinaitwa disperma. Mchana majani yake yamekauka hata yakiguswa yanavunjika na kuwa unga. Maji yaliyomo hayazidi asilimia moja hivi. Taylor aliandika mwaka wa 1968 kwamba majani hayo hayo usiku, hewa ikipoa na unyevu wake ukipanda, huvuta maji kutoka hewani mpaka yakafika karibu asilimia 40. Jani limekufa, halina mzizi unaolinywesha, na bado linajaa. Choroa anayekula mchana anakula vumbi. Akila baada ya usiku wa manane, anakula na kunywa kwa pamoja.

Ndiyo maana ulimwona amesimama tu. Alikuwa akingoja usiku. Maji akiyapata atayanywa, usidhani hayapendi, na ukame wa kupindukia unamuua kama unavyoua ng'ombe. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni nyua tunazojenga kila mwaka, maana mnyama wa nchi kavu anaishi kwa kufuata mahali ilikonyesha, na ukimfungia upande mmoja umemwondolea nusu ya ujuzi wake.

*Nimepata ekari mbili Kambi ya Moto. Ni pakavu kidogo. Shemeji yangu wa Marigat ameniahidi mbegu za mathenge, anasema unakua upesi, una kivuli na makaa mazuri. Unanishauri vipi? Mkulima, Rongai.*

Nakusihi, ndugu yangu, usipande hata mbegu moja. Mshukuru shemeji kwa nia njema, kisha mbegu uzitie motoni.

Mathenge si mti wa kwetu. Asili yake ni nchi za joto za Marekani, na uliletwa Baringo mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika mpango wa kupanda miti ya kuni, ukiungwa mkono na shirika la chakula la Umoja wa Mataifa. Waliouleta walikuwa na sababu: ardhi ilikuwa imebaki wazi, upepo unabeba udongo, na mti huu unamea mahali mingine inapokataa. Mambo yote aliyokuambia shemeji ni kweli. Unakua upesi. Makaa yake ni mazuri. Nyuki wanaupenda.

Ila haukujua kukoma. Maganda yake ni matamu, mbuzi huyala, na mbegu zinapita tumboni salama na kupandwa kila walikopitia, zikiwa na mbolea yake tayari. Huko Ng'ambo na Salabani, ambako Wailchamus walikuwa na nyasi za ng'ombe kando ya ziwa, kukageuka kichaka cha miiba ambacho mtu hapiti. Mbuzi wanaoyala kwa wingi sukari huwang'ang'ania menoni, meno yakaoza na kung'oka. Wenyeji waliipeleka serikali mahakamani Nairobi, na mbuzi asiye na meno akapelekwa kuwa ushahidi. Watu wa mjini walicheka. Mimi sikuona la kuchekesha: mfugaji ambaye mbuzi wake hawezi kutafuna amepoteza akiba yake. Baadaye serikali ikautangaza rasmi kuwa gugu hatari.

Na ukishaingia shambani haukutoki kirahisi. Ukiukata juu ya ardhi unachipua kwa hasira, shina moja likawa kumi. Lazima uchimbe kisiki mpaka chini ya pale machipukizi yanapoanzia. Wenzetu wa Baringo wamejifunza kuishi nao: wanachoma makaa, wanakata nguzo, na wengine wanasaga maganda pamoja na mbegu zake kuwa chakula cha mifugo, jambo jema kwa sababu mbegu iliyosagwa haioti. Hiyo ni busara ya watu ambao tayari mti umewaingilia. Wewe bado una nafasi ya kukataa.

Zunguka shamba lako na la jirani, utazame ni miti gani ya kienyeji imebaki imesimama baada ya kiangazi cha juzi. Hiyo ndiyo ya kupanda. Ukikuta mgunga, maganda yake ni lishe ya mbuzi tangu enzi za mababu, na meno yao yanabaki. Utangoja kivuli zaidi, sikufichi. Ofisi ya misitu iliyo karibu nawe itakushauri kuhusu miche.

*Mimi ni dereva wa lori, naenda Lodwar. Asubuhi, penye dimbwi, nimewaona ndege wa rangi ya mchanga wakija kwa makundi. Mmoja aliingia majini akakaa akitikisa tumbo, kisha akaruka akiwa amelowa. Anaoga? Msafiri, Kitale.*

Haogi, kaka. Anawachotea watoto maji.

Hao ni firigogo, na huyo uliyemwona ni dume. Wanakula mbegu kavu tu, kwa hiyo lazima wanywe, lakini hutaga chini, mahali palipo wazi, mbali na maji ambako wanyama wakali hukusanyika. Makinda hawawezi kuruka wala kutembea umbali huo. Manyoya ya tumbo la baba yana nyuzi ndogo zilizojisokota, zikilowa hunyooka na kushika maji kati yake. Anasimama majini akijitikisa mpaka yajae, anaruka kilomita nyingi kurudi, kisha anasimama wima na makinda wanakuja kuyanyonya manyoya kwa midomo yao.

Bwana mmoja Mwingereza aliyewafuga aliyaeleza haya mwaka wa 1896, na wataalamu wengi hawakumwamini. Ilichukua mpaka mwaka wa 1967, Tom Cade na Gordon Maclean walipowachunguza katika jangwa la Kalahari, ndipo ubishi ukaisha. Wachungaji wa kaskazini nadhani hawakuhitaji kungoja hivyo.

Una bahati kupita hapo asubuhi, kwa sababu ndio wakati aina nyingi zinapokunywa. Nakuomba tu uegeshe mbali na usizime lori ukingoni mwa dimbwi. Wakiogopa huzunguka angani wakaondoka, na huko nyuma kuna makinda yanayongoja juani.

*Mwalimu, mjomba wa watoto amewaletea kobe mwenye madoadoa kutoka Lokichar. Tumemwachilia kwenye bustani, tunampa kabeji na mikate. Siku hizi hatembei na pua inatoa kamasi. Tumpe dawa gani? Baba watoto, Kakamega.*

Kwanza, baba, ujue sheria. Kwa mujibu wa Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013, kumfuga mnyama wa porini bila kibali ni kosa, na kobe yumo. Sisemi hivyo kukutisha. Najua aliletwa kwa mapenzi.

Kamasi hiyo kwa kobe wa nchi kavu mara nyingi ni ugonjwa wa kifua unaotokana na baridi na unyevunyevu. Kakamega hunyesha karibu kila alasiri, nyasi hazikauki, naye ameumbwa kwa ardhi ya moto inayokauka saa moja baada ya mvua. Kabeji na mkate havina nyuzi za nyasi kavu na magugu anayoyahitaji. Usimpe dawa ya binadamu wala ya kuku.

Usimpeleke msituni ukamwachilia. Msitu wa Kakamega utamuua, na ugonjwa wake unaweza kuwafikia wengine. Mpigie simu afisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori aliye karibu nawe, umweleze alikotoka mnyama, Lokichar, maana hilo litawasaidia kuamua wampeleke wapi. Wakati mnamngoja, mweke ndani ya sanduku la mbao lenye nyasi kavu, mahali pakavu pasipo na upepo, na mchana mtoe juani kwa muda akiwa na kivuli cha kukimbilia. Mwekee maji katika sahani isiyo na kina. Na watoto wasimbebe: kobe akishtuka humwaga mkojo, na kwa wanyama wa namna hii kibofu ni mahali pa kuwekea akiba ya maji.